Mafuta Yasiyouzwa

Chupa yenyewe ilikuwa ndogo kama kidole gumba, na maneno yaliyoandikwa juu yake yalikuwa mengi kuliko mafuta yaliyokuwamo. Mbombo aliigeuza, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, kisha akamwomba Falone, binti wa marehemu kaka yake, amsomee. Falone alisoma kwa furaha, akikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili cha Kindu, mji huu wa Kongo, alichokipata kwa mama yake huko Brussels. Jina la mafuta lilikuwa Heshima. Chini ya jina iliandikwa kwamba hiyo ni siri ya miaka elfu ya malkia wa Maniema, iliyotengenezwa kwa maadili, bila kemikali, na bila mnyama yeyote kuteswa.

"Wanyama hawakuteswa," Mbombo alirudia.

"Hata mumoja, tantine," Falone alimjibu shangazi yake.

"Na watu?"

Falone akacheka, akidhani anataniwa. Mbombo hakuwa anatania. Alimtazama wifi yake Jeanne, mama wa Falone, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa baraza, miwani myeusi usoni, akijipepea na upande wa kitenge chake. Jeanne aligeuza uso akatazama barabara ya Mikelenge, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama ila mbuzi na mwendesha pikipiki aliyekuwa akifuta pikipiki yake.

Falone aliendelea kueleza. Mafuta ni ya kokwa za mchikichi, yale meusi yenye harufu ya moshi, na alijifunza kuyapika kwa mama yake. Alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akijipaka kila jioni, akimsimulia jinsi wanawake wa Kindu walivyokuwa wakipelekana kijitoni, wakaogeshana kwa maji ya majani, wakapakana mafuta, na wenzao wakawazungushia vitenge. Falone hakuisahau hadithi hiyo. Alipokuwa mkubwa alifungua nyumba ya kupumzishia mwili, kisha akafungua ya pili. Wanawake wa Ulaya waliochoshwa na kazi wanalala juu ya meza, mishumaa inawaka, sauti ya maji inatoka ukutani, na msichana aliyevaa nyeupe anawapaka Heshima. Wengine hulia, alisema Falone, jinsi wanavyojisikia wepesi.

"Sasa nataka kupiga filimu hapa, kwenye chanzo chake," alisema. "Na chungu cha kweli, na wamama wa kweli. Kampuni zingine zinaiba tu. Sisi tunataka kurudisha heshima kwa wenyewe."

Alisema hayo mkono ukiwa kifuani, na jambo baya ni kwamba alikuwa anaamini. Mwizi anayejua kwamba anaiba unaweza kumpigia kelele akakimbia. Huyu aliyekuja na zawadi, akakuita tantine, akakuletea kitambaa na dawa ya magoti, unamfukuza kwa fimbo ipi? Mbombo aliiweka chupa mezani, akaisukuma mbali.

Malkia! Kindu ilikuwa na malkia lini? Na hiyo miaka elfu nani aliihesabu? Mila ile haikumzidi Falone umri ila kwa miaka michache. Ilizaliwa na vita.

Ilikuwa miaka ile ambayo treni ya Katanga haikuja tena, mabehewa yakaota majani pale stesheni, na mashua zikafungwa bandarini. Chumvi iliuzwa kwa kijiko. Mwanamume aliyetoka mjini kwenda shamba alihesabiwa mpelelezi, akapigwa risasi, basi wanaume wakakaa nyumbani na wanawake wakaenda, kwa kuwa watoto hawali hofu. Huko njiani kulikuwa na wenye bunduki wa upande huu na wa upande ule, na kwa mwanamke aliyebeba kikapu cha sombe, majani ya muhogo, pande zote zilikuwa upande mmoja. Wengine hawakurudi. Wengine walirudi na vikapu vitupu, wakitembea taratibu, wasiseme walichofanyiwa. Hospitalini hapakuwa na hata pamba. Nyumbani, mume akijua, kuna aliyelia na mkewe na kuna aliyemtupia nguo nje. Na majirani, Mungu awasamehe, walikuwa hodari wa kunyoosha vidole.

Mbombo alikuwa binti wa fundi wa reli aliyetoka Kasai, Mkristo wa kanisa la asubuhi. Halima alikuwa Mwislamu wa upande wa Kibombo, muuza mandazi, jirani yake wa nyuma ya nyumba. Siku Mbombo alipotoka shambani hawezi kunyanyua kichwa, Halima hakumwuliza neno. Alichemsha maji ya majani, akachukua chungu cha mama yake Mbombo, akakijaza mafuta ya kokwa aliyokuwa ameyapika kwa ajili ya sabuni, akampeleka kijitoni. Akamwogesha, akampaka kuanzia nyayo mpaka utosini, akamrudisha. Mvua za mwaka huo hazijaisha, ikawa zamu ya Mbombo kumwogesha Halima.

Wakaja wengine. Kijito kilikuwa wazi na askari walikuwa wakipita, kwa hiyo wanawake walisimama kumzunguka mwenzao, vitenge vimetandazwa, migongo kwenye maji na nyuso nje, ili asionwe na yeyote, hata na wao. Waliuita ukuta. Na ukuta ukawa na sheria yake: hasimami ukutani ila aliyekwisha kuingia majini, kwa maana huyo peke yake hana la kuuliza. Kuitana hakukuwa kwa mdomo. Mwogeshaji alibeba chungu kichwani bila kukifunika, akapita nacho njiani. Kindu nzima hakuna anayetembea na mafuta wazi, vumbi liyaingie. Aliyejua, alipokiona, aliacha alichokishika akafuata. Wakimaliza walitawanyika bila kuagana. Jina la aliyeogeshwa halikutajwa tena, na mafuta ya chungu kile hayakuuzwa, hata siku ambazo sabuni ilikuwa bei ya dhahabu.

Jeanne aliingia majini mwaka wa mwisho wa vita. Asubuhi hiyo alimwacha Falone, aliyekuwa anatambaa, mapajani mwa Mbombo, akaenda kuchuma sombe njia ya Kibombo. Jioni Mbombo alimwogesha kwa mikono yake mwenyewe. Isidore, mume wa Jeanne na kaka wa Mbombo, alimpeleka mkewe na mtoto Ulaya, akafia huko bila kujua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa Mbombo.

Ndiyo maana ulimi ulikuwa mzito pale barazani. Lakini msichana alikuwa anangoja jibu, na Mbombo aliamua kumpa ukweli bila majina. Akamweleza vita, shamba, bunduki, maji. Akamweleza ukuta na sheria yake. Hakusema jinsi ukuta unavyoitwa, kwa kuwa hilo halikuwahi kusemwa kwa mdomo, naye hakuona sababu ya kuanza leo. Alipokuwa anasema, Jeanne aliinuka akaingia ndani, eti kutafuta maji ya kunywa.

Falone alilia kweli. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni. Mbombo akashusha pumzi, akafikiri: sawa, ameelewa.

"Tantine," Falone alisema akijifuta, "hii ni nguvu kabisa kupita vile mama alinisimulia. Watu wa kule watalia. Malkia tunaacha. Tunaandika: mafuta ya wamama walioshinda vita. Tutaonyesha sura zao, wasimame wanyooke, dunia iwaone. Na sehemu ya faida inarudia kwao."

Mbombo alimkatiza.

"Sura zao?"

"Majina hapana. Sura tu."

"Falone, mutoto wangu, sikiliza muzuri. Wale wamama wanakaa hapa. Wengine wako na mabwana, wako na wakwe, wako na watoto wanaoa. Kindu haiko Brussels. Muntu anaona sura, anajua nyumba, anajua mulango. Hii mambo haiko ya kuuza, haiko ya kuonyesha, haiko yangu hata niweze kukupatia. Chungu hakitoki mu hii nyumba."

"Lakini kunyamaza njo kunaua watu, tantine. Aibu iko ya wale walifanya mabaya, haiko ya wamama."

"Ni kweli. Lakini nani anasema na nani ananyamaza, hiyo njo wanachagua wenyewe. Haiko weye."

Falone alitabasamu, akamshika mkono, akamwambia ni shujaa. Akamsifu ngozi yake, akaisifu nyumba yake, akausifu moyo wake. Mbombo alijua anapopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na safari hii chupa ilikuwapo hapo hapo mezani.

Alimkuta Jeanne jikoni, kikombe mkononi, maji hajayanywa.

"Njo weye ulimwambia," Mbombo alisema kwa sauti ya chini.

"Nilimwambia maji na mafuta. Alikuwa mudogo, Mbombo. Ananiona najipaka kila jioni, anauliza, mama, hii ni nini? Ningesema je? Nikatafuta maneno ya muzuri nikamupatia."

"Na maneno yako ya muzuri amefungua nayo duka. Mwambie leo. Mwambie aache, na mwambie juu ya nini."

Jeanne alivua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. "Baba yake alikufa hajui. Nimwambie mutoto? Kila akiniangalia aanze kuona ile? Nilitembea mpaka Ulaya juu asione." Kisha akamkamata Mbombo mkono. "Ukimwambia weye, sitakusamehe mpaka kaburini. Uliniapia pale kwenye maji."

Mbombo aliapa, ndiyo. Aliwaapia wote. Na hapo ndipo alipobanwa: neno moja lingetosha kumzuia msichana, na neno hilo hakuwa na ruhusa ya kulitamka. Alitoka jikoni amekasirika na Jeanne, amekasirika na mafuta, amekasirika na nafsi yake. Aliingia chumbani akakivuta chungu uvunguni mwa kitanda, akakifunga kwa kitenge mafundo mawili, akakirudisha. Akaamini amemaliza.

Lakini vyungu vinauzwa sokoni.

Jumamosi asubuhi Mbombo alikuwa anaanika mihogo mbele ya nyumba alipomwona Falone akija barabarani. Amevaa nyuzi za raffia kiunoni na mabegani, uso umechorwa chokaa nyeupe, shanga mpaka kwenye nyusi. Hakuna mwanamke wa Kindu aliyewahi kuvaa hivyo, awe wa Kasai, awe wa hapa, si harusini wala kilioni. Dieumerci, kijana anayepiga video za harusi mjini, alikuwa anatembea kinyumenyume mbele yake na kamera. Nyuma yake walifuata wasichana watano waliokodiwa, wanachekacheka, na nyuma yao watoto wote wa mtaa. Jeanne alikuwa mwisho, amebeba kiti chake cha plastiki. Na kichwani mwa Falone kulikuwa na chungu kipya, kimejaa mafuta, hakikufunikwa, ili jua liyapige na kamera iyaone.

Mbombo aliuona mkono wake mwenyewe ukiachia kikapu cha mihogo.

Ng'ambo ya barabara, mahali anapouzia, Halima alikuwa mbele ya karai lake la mandazi. Aliinua macho, akakiona chungu, akauweka mwiko chini. Hakuondoa karai motoni. Alikaza kitenge akaanza kutembea. Kwenye kibanda cha ususi mwanamke mmoja aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Kanisani, ambako kwaya ilikuwa mazoezini, alitoka Safi, mke wa mchungaji, kitabu cha nyimbo bado mkononi, na mumewe akasimama mlangoni akishangaa. Wakatoka wengine, kutoka uani, kutoka kisimani, wanawake ambao kwa miaka yote hiyo walikuwa wakisalimiana juu ya bei ya samaki tu. Walidhani kuna mtu ameumizwa. Vita vimerudi mara ngapi nchini humu? Waliona chungu wazi, wakafuata, mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama.

Mbombo alikimbia na magoti yake mabovu. Alitaka kuwazuia, lakini angemzuia nani? Akimwita mmoja kwa jina amemwonyesha kidole. Akimshika mwingine mkono, watu watauliza kwa nini huyu na si yule. Mwishowe alipiga kelele hewani: "Rudieni! Hakuna kitu! Ni ya filimu tu!"

Hakuna aliyegeuka. Siku zile za vita pia walikuwapo watu waliosimama njiani wakipiga kelele kwamba hakuna kitu, rudini nyumbani.

Alipofika kijitoni, anahema, Falone alikuwa ameshaweka chungu mchangani na msichana mmoja wa kukodi amekaa majini, shuka kifuani, anasubiri kuambiwa atabasamu. Wanawake walishuka ukingo bila neno. Wakafungua vitenge vyao vya juu, wakavitandaza mkono kwa mkono, wakamzunguka yule msichana ambaye hawakumjua, wakampa mgongo. Nyuso zao zikawa nje. Zikatazamana na kamera.

"Mungu wangu," Falone alinong'ona, na uso wake wa chokaa uling'aa. "Dieumerci, piga! Piga zote! Nani aliwaita? Ni muzuri sana. Karibia kwenye sura."

Dieumerci alikaribia, akianza na Halima. Kwenye ukingo watoto walikuwa wamejaa, na nyuma ya watoto wakaja watu wazima. Mchungaji naye alikuwa amefika, na alikuwa anamtazama mkewe. Safi aliona anatazamwa. Lakini kitenge hakukishusha, kwa kuwa anayeshusha kitenge amemvua mwenzake. Maji yakimwagika hayazoleki. Mbombo alimfokea Falone azime, akamwita jina lake lote, akamwita na la baba yake. Falone alimwinulia kiganja bila kugeuka: ngoja, tantine, kidogo tu.

Halafu kiti cha plastiki kilianguka.

Jeanne alikuwa amesimama. Alivua miwani akaiacha mchangani, akavua viatu, akavuka kijito maji yakimfika magotini, gauni lake la Brussels likilowa. Kati ya Safi na yule msusi palikuwa na nafasi. Aliingia hapo. Hakuwa na kitenge cha juu, basi alinyoosha mikono yake mitupu wakamshikisha ncha za vitenge vyao. Akageuka, mgongo kwa maji, akamtazama bintiye.

"Mama," Falone alisema, akicheka kidogo, "toka kwenye picha. Weye haukuwa..."

Hakumaliza. Alikuwa ameelezwa sheria ya ukuta barazani, neno kwa neno, na alikuwa ameilia. Mbombo aliona maneno yale yakimfikia sasa, polepole, chini ya chokaa.

Dieumerci alishusha kamera.

"Usizime," Jeanne alisema. Haikuwa sauti ya jikoni. Ilikuwa sauti ambayo Mbombo hakuwahi kuisikia kwake. "Kwa nini anazima? Falone, si ulitaka sura? Si ulisema wasimame wanyooke, dunia iwaone? Niko nasimama. Piga. Weka kwenye chupa yako. Mwandikie mama yako miaka elfu. Uza!"

Yule msichana wa kukodi alikuwa ameacha kutabasamu na amejikunja ndani ya maji, bila kujua ni kwa nini analia. Mchungaji alishuka hatua moja, akasimama, akavua koti lake, na hakujua alifanyie nini. Mbombo angetaka kumwambia kwamba kama atafungua mdomo leo usiku kumuuliza mkewe lolote, atakutana na yeye Mbombo mlangoni. Alimtazama tu, na kwa jinsi alivyomtazama, ilitosha.

Falone alianza kuvua zile shanga, kwa pupa, uzi ukakatika zikamwagika. Alijifuta chokaa kwa viganja. Akaingia majini na raffia yake, analia kwa sauti kama mtoto, mikono mbele, anakwenda kwa mama yake. Alitaka kusimama pale naye. Alishika ncha ya kitenge cha Safi, akajaribu kujiingiza ubavuni mwa Jeanne.

Halima akaondoa mkono wake mmoja kwenye ukuta. Mafuta ya mandazi yalikuwa bado yanang'aa vidoleni. Aliuweka kifuani mwa Falone, akamsukuma nyuma, si kwa nguvu, lakini kwa namna isiyobishiwa.

"Hapana, binti ya Isidore," alisema. "Hapa haiko pa kutamani. Rudi kule, ukae chini."

Falone alirudi nyuma, akakaa mchangani karibu na kile chungu, na hakuna aliyemfuata kumnyamazisha.